Mama Anatangaza Makochi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza kabla hatujafungua. Kwa wengine hii ni mvua tu, lakini kwetu sisi watengeneza makochi ni likizo ya kulazimishwa. Gundi haikauki, mbao zinavimba, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayepakia kochi kwenye gari la wazi halafu aliombee dua njiani. Fundi wetu wa mbao, tunayemwita Kimya kwa sababu mdomo wake haujui kufungwa, ameshinda mlangoni akipiga soga na kila aliyejibanza kibarazani kwetu kukwepa maji. Wamejibanza wengi, hakuna aliyeingia.

Mama amepanga mabaki ya vitambaa kwa rangi. Alipomaliza, akayapanga upya kwa ukubwa.

Jumatano, 6 Machi

Hakuna mteja. Paa linavuja juu ya cherehani, kwa hiyo tumeihamisha.

Jumamosi, 9 Machi

Binamu yangu anafanya kazi kwenye ofisi ya matangazo. Leo amekuja kuchukua kiti cha nyumbani kwao, mvua ikamfungia humu ndani, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi.

"Nataka karakana iingie kwenye mitandao ya kijamii," nikamwambia. "Kila mtu yuko huko."

"Kila mtu ana miguu pia. Mbona hushoni viatu?"

Nilidhani atafurahi. Badala yake akavuta fremu ya kiti isiyo na sponji, akakaa juu ya mikanda mitupu, akaanza kunihoji kama polisi mpole. Wateja wetu ni akina nani? Nikajibu, watu wenye makochi. Akacheka. Wakitaka fundi, wanamuuliza nani kwanza? Mimi mwenyewe nataka nini hasa huko: kuuza, kujulikana, au kusikia watu wanatusemaje? Nani atakuwa anajibu maswali, maana ukurasa usiojibu ni sawa na duka lililo wazi halina muuzaji. Na kazi zikirudi, huo muda nitautoa wapi?

Nikaona aibu, kwa sababu nimeendesha karakana hii tangu Baba afariki, na sijawahi kujiuliza wateja wanatoka wapi. Wanakuja tu, au hawaji.

"Mitandao siyo dawa ya kila ugonjwa," akasema. "Kuna biashara zinapaa huko, na kuna zinazopoteza muda wao bure. Jaribu msimu huu mmoja. Kila anayeingia, muulize ametusikia wapi. Masika yakiisha, uamue kwa ulichokiona, siyo kwa wanayosema watu."

Mama alikuwa anakata kitambaa mezani. Ghafla akauliza:

"Huo ukurasa, mtu akiwa mbali anauona?"

"Popote alipo, Shangazi. Awe na simu tu."

"Hata kama hatujui alipo?"

"Hata hivyo."

Mama akaweka mkasi chini. "Basi ufunguliwe," akasema. Kisha akaendelea kukata.

Jumanne, 12 Machi

Tumefungua ukurasa. Picha ya kwanza ni kochi la zamani likiwa limechanika, ya pili ni lilelile likiwa limevaa kitambaa kipya. Nilitaka kuishia hapo, lakini Mama akataka arekodiwe video. Akavaa gauni lake la bluu, akasimama chini ya kibao cha karakana, akaniamuru nihakikishe namba ya simu inasomeka.

"Sisi bado tupo palepale," akaiambia kamera. "Mlango ni uleule. Namba haijabadilika. Karibu wakati wowote."

Nikamwambia kwamba mteja mpya hajui tulikuwa wapi zamani, kwa hiyo "palepale" haimwambii kitu. Akanijibu nisimfundishe kuongea.

Alhamisi, 14 Machi

Mpaka sasa wafuasi wetu wote ni ndugu. Ndugu wanasifia sana, lakini wanataka kufanyiwa bure.

Jumatatu, 18 Machi

Kimya ameweza. Tumemrekodi akieleza jinsi ya kujua kama fremu ya kochi ni nzima kabla hujalinunua: linyanyue kona moja tu, uone kama mguu wa jirani yake unafuata au unabaki chini umezubaa. Video imesambaa kuliko tulivyotarajia. Watu wanauliza bei kutoka sehemu ambazo kochi letu likisafiri kwenda huko, litafika likiwa limezeeka. Nimeshinda na simu mkononi nikiwajibu mmojammoja kwamba hatufiki. Kiti cha mteja wa mtaa wa nyuma nimekisahau kabisa, na yeye mwenyewe amekuja kunikumbusha.

Kimya sasa anatembea kama mtu mashuhuri.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kutwa. Mama amerekodi tena. "Bado tupo palepale."

Jumatano, 27 Machi

Mvua ikipiga sana kwenye mabati huwezi kuongea na mtu, basi kila mmoja anabaki na mawazo yake. Mimi nimebaki na Kaka.

Ni miaka sita tangu aondoke. Alitaka tuhamie barabara kuu, tuchukue jengo kubwa, tutengeneze seti za kisasa. Baba hakutaka kusikia. Walibishana wiki nzima, na mwisho Baba akamwambia mbele yetu sote kwamba kama hapa panambana, mlango anaujua. Kaka akachukua begi moja. Namba yake ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Baba alipougua hatukujua tumpigie nani. Tulimzika na nafasi ya Kaka ikiwa wazi kati yangu na Mama, na watu wakawa wanatusogelea kwa huruma ili waizibe.

Kinachonirudia sana ni sauti ya stepla yake ya kubania vitambaa. Alikuwa anapiga mbilimbili, ta-ta, ta-ta, kama mtu anayebisha hodi kwenye kila kiti. Mimi napiga moja moja. Nimejaribu mbili, mkono haukubali.

Jumanne, 2 Aprili

Ukutani, kwa chaki ya kitambaa, nimechora sehemu mbili: waliotusikia kwa watu, na waliotuona mtandaoni. Upande wa kwanza una mistari. Upande wa pili ni ukuta mtupu.

Jumamosi, 6 Aprili

Ameingia msichana aliyetuona mtandaoni. Nikafuta mikono haraka, nikamkaribisha kiti. Kumbe anaomba kupiga picha akiwa amekaa kwenye kochi la zamani la maonyesho. Amepiga, ameshukuru sana, ameondoka. Kimya anashauri nimwandike ukutani nusu mstari.

Jumatatu, 15 Aprili

Kochi limerudi kwa mteja likiwa na kasoro, kwa sababu wakati nalimalizia nilikuwa najibu maswali kwenye simu. Nimeomba radhi.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimekosana na Mama.

Nilikuwa nimeamua. Nilimkalisha baada ya chakula cha mchana, nikamweleza taratibu, kama Binamu alivyonihoji mimi. Wateja wetu ni watu wa mitaa hii. Wakitaka fundi wanamuuliza jirani, jirani anawaelekeza hapa. Wanaotusifia mtandaoni wako mbali, hatuwafikii. Muda ninaopoteza kuwajibu ndio muda wa kazi za watu wanaotulipa. Kwa hiyo, nikamwambia, mwisho wa mwezi nafunga ukurasa, nitakuwa nawatumia ujumbe wateja wetu wa zamani mmojammoja, niwaulize makochi yao yanaendeleaje.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Usiufunge."

"Mama, hautuletei kitu."

"Nimekusikia. Usiufunge."

"Basi nipe sababu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitambaa kisichotosha hakivutwi."

Akainuka, akaenda kwenye cherehani, akakaa akinipa mgongo. Mashine haikuzunguka. Nikajua analia, kwa sababu Mama akilia hukaa wima zaidi ya kawaida.

"Ningemwandikia barua ningeipeleka wapi?" akasema. "Ningempigia, namba ipi? Yule mtoto wa kaka yangu alisema mtu yeyote mwenye simu anaona, hata kama hatujui alipo. Hicho ndicho nilichosikia mimi. Hayo mengine ya wateja mlikuwa mnaongea wenyewe."

Nikasimama katikati ya karakana kama mtu aliyemwagiwa maji. Wiki zote hizi nimekuwa nikimsahihisha. Mama, taja vitambaa tulivyonavyo. Mama, usiseme palepale. Kumbe hakuwa anatangaza makochi hata siku moja.

"Hajui kama Baba hayupo," akasema. "Labda anaogopa kurudi kwa mtu ambaye hayupo tena."

Nilitaka kumwambia kwamba Kaka anaweza kuwa haangalii makochi. Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyebadilisha namba hataki kupatikana. Nimeyameza yote. Nikamshika mabega, nikasema ukurasa utabaki mpaka mvua ziishe.

"Na mvua zikiisha?"

Nilichukua simu, nikamuuliza kama yuko tayari kurekodi. Akanawa uso. Safari hii sikumsahihisha neno, na aliposema "bado tupo palepale" sauti yangu nyuma ya kamera iliitikia, "Tupo." Imo kwenye video. Nimeiacha.

Ijumaa, 3 Mei

Mambo yameharibika.

Mwalimu mmoja wa shule ya hapa jirani tulimtengenezea kochi wiki iliyopita. Leo ameweka picha zake kwenye ukurasa wetu: baka jeusi mgongoni, na maandishi kwamba sebule yake yote inanuka ukungu, kwamba tulimpelekea kochi bovu na amepiga simu haikupokelewa. Chini yake watu wamejipanga kama kwenye foleni ya bure. Wezi hawa. Mimi pia waliniharibia, anasema mtu ambaye sijawahi kumwona. Wale waliokuwa wakimsifia Kimya wanamwambia anyanyue kona ya aibu yake.

Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amekaa kimya.

Nilitaka kufuta. Kidole kilikuwa tayari. Nikampigia Binamu.

"Ukifuta, aliyeona atasema umeficha," akaniambia. "Ni kweli au siyo kweli?"

"Sijui. Gari lililolipeleka lilinyeshewa."

"Basi andika hivyohivyo. Hujui, unakwenda kuangalia leo, na utarudi kusema ulichokikuta. Andika palepale alipokulalamikia, watu wakiona. Halafu nenda kweli."

Mama alikuwa anasoma juu ya bega langu. Hakuuliza habari za biashara. Aliuliza:

"Na kaka yako atayaona haya?"

"Wote wanaona, Mama."

"Basi mwalimu atengenezewe vizuri," akasema.

Jumamosi, 4 Mei

Tulikwenda na Kimya, tukitembea kwenye matope. Mwalimu alitufungulia akiwa ameshajiandaa kugombana, nikamwambia kabla hajaanza kwamba sijaja kubisha. Tukafungua mgongo wa kochi palepale sebuleni kwake. Sponji ilikuwa imelowa, inakamuka. Turubai la gari lilikuwa na tundu, na mimi nililiona siku ile nikasema litafika tu. Simu haikupokelewa kwa sababu nilikuwa naitumia kujibu watu wasiotuhusu.

"Ni kosa letu," nikamwambia. "Tunalichukua, tunaweka sponji mpya, na kitambaa kipya mgongo wote."

Akanitazama. "Nilijua utasema nilimwagia maji mwenyewe."

Akatuletea chai.

Jumatano, 8 Mei

Kochi limerudi kwa mwalimu, limefungwa maturubai mawili. Nimeandika mtandaoni tulichokikuta na tulichofanya, bila mapambo. Mwalimu naye ameweka picha mpya na maneno machache: walikuja wenyewe, kwa miguu, kwenye mvua. Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 10 Mei

Wameingia wateja wawili wa mtandaoni, wateja kweli, wenye makochi. Wote ni wageni wa mtaa, wamehamia nyumba mpya za upande wa chini. Hawana jirani wa kumuuliza, ndiyo maana walitafuta kwenye simu. Mmoja amesema amekuja kwa sababu ya kesi ya mwalimu. "Kila mtu anaonyesha kazi iliyotoka vizuri," alisema. "Nilitaka kujua mkikosea mnakuwaje."

Nimeweka mistari upande wa pili wa ukuta.

Jumapili, 12 Mei

Karakana imefungwa Jumapili, lakini simu ya kazi ilikuwa mezani nyumbani, na Mama ndiye aliyekuwa karibu nayo.

Alisema "Halo, karakana," kama kawaida. Kisha nikasikia meza inasogea, nikageuka kutoka jikoni. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Umekula?" akamuuliza mtu wa kwenye simu.

Hapo nikajua.

Hawakuzungumza mambo makubwa. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli la maji mkononi, nasikia upande mmoja tu. Aliulizwa kuhusu mgongo wake, akasema unauma mvua zikija. Alimwambia habari za Baba kwa sentensi moja, kisha akakaa akisikiliza, na nadhani huko upande wa pili hapakuwa na maneno, kwa sababu Mama alikuwa anasema tu, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Najua." Alimuuliza anatuangalia kwa jina gani. Akajibiwa. Alimuuliza atakuja lini. Kwa jibu hilo Mama alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama anayekubali bei asiyoipenda.

Akashusha simu sikioni. Nikasubiri anipe. Alikuwa ameshakata.

"Ana kazi kwenye kiwanda cha samani," akasema. "Ana mke. Ana mtoto wa kike. Tangu mwezi wa tatu anatuona. Alipoona ule ugomvi wa kochi bovu alishindwa kulala, alipoona tumelitengeneza ndipo akasema atapiga." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Haji kwa sasa. Amesema kwa sasa."

"Ameniulizia?"

Mama alinitazama. Angeweza kudanganya, na ningemwamini.

"Muda ulikuwa mdogo," akasema.

Nimekwenda kuangalia jina alilomtajia Mama. Anajiita Mgeni, hana picha. Jina lake limo kwenye orodha ya waliotazama kila video tangu ya kwanza. Hakuna hata moja aliyoiwekea neno.

Jumanne, 14 Mei

Mama anaimba akikata vitambaa. Mimi nimejichoma na sindano mara mbili.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua inapungua, sasa inanyesha kwa aibu, jioni kidogo basi. Binamu amekuja kusikia nimeamua nini. Mama alitangulia.

"Sasa mnaweza kuufunga," akasema. "Niliyekuwa namtangazia ameona."

"Hapana, Mama," nikasema. "Sasa ndiyo tunaanza."

Nikawaonyesha ukuta. Waliotusikia kwa watu bado ni wengi, na hao nitaendelea kuwatunza kwa simu na kwa kazi nzuri. Ila nyumba za chini zinajaa wageni kila mwezi, na mgeni hana wa kumuuliza. Ukurasa ni wa hao. Nitaweka kazi moja kwa wiki, kabla na baada. Nitajibu maswali asubuhi tu kabla ya kufungua, halafu simu inaingia kwenye droo. Nimeandika juu kabisa kwamba hatusafirishi nje ya mji, walio mbali wasihangaike. Na malalamiko hayafutwi.

Binamu akaitikia kwa kichwa. "Na kama mwakani ukuta ukikwambia vingine?"

"Nitaufuata ukuta."

Yote niliyosema ni kweli. Ningeamua hivyohivyo hata kama simu ya Jumapili isingelia. Lakini naandika hapa, ambapo hakuna mteja anayesoma, kwamba nikiweka picha sasa naangalia kwanza kama Mgeni ameiona. Anaiona. Anapita.

Alhamisi, 30 Mei

Leo jua. Tumefungua milango yote miwili na kutoa sponji nje zipate hewa. Karakana imejaa, Kimya anapiga misumari na mdomo kwa pamoja.

Asubuhi nimeweka picha ya kiti cha mkono nilichokimaliza jana, kitambaa cha kijani, kazi ninayojivunia. Mchana nilifungua droo kutafuta chaki, nikaona simu imewaka. Kuna neno chini ya picha. Limetoka kwa Mgeni.

"Kona ya kushoto imevuta. Anzia katikati, uende pembeni."

Basi, hakuna salamu, hakuna jina langu. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nikiwa nimekaa. Aliyenifundisha kushika sindano iliyopinda ya kushonea makochi ni yeye, kabla ya Baba, kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa mdogo, tulikaa sakafuni, alinishika kidole akakiongoza, na nikikosea hakusema pole wala hongera. Alikuwa anasema tu mahali pa kuanzia.

Mama aliniuliza kuna nini, nikamwonyesha. Akasoma, akanirudishia simu, akaenda kuangalia kile kiti akiwa ameinamisha kichwa. Akanisogezea kisu cha kufumulia.

Nimeifumua kona. Kweli ilikuwa imevuta, kitambaa kimekaa upande. Nimeanza upya kutoka katikati, polepole, na Kimya amenikodolea macho kwa sababu mteja anakuja kesho na kiti kilikuwa kimeshakwisha. Sijakipiga picha tena. Nataka kwanza kikae sawa.